Injinia wa Kokwa za Lalobu

Wafula alikuwa na koti jeupe la maabara, na koti hilo alilivaa hata akienda kununua nyanya. Jua la Juba mwezi wa pili linachoma mpaka mbwa wanapigania kivuli, watu wazima wanatembea na taulo la maji kichwani, lakini yeye amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, kalamu tatu mfukoni, anauliza bei ya nyanya kama mtu anayesoma hotuba. Moja ya hizo kalamu haikuwa na wino. Hilo halikumsumbua. Kalamu ya mfukoni ni ya kuonekana.

Umri wake ni miaka hamsini na nne. Kwao ni Kimilili, upande wa Bungoma, na huko alifundisha kemia sekondari miaka kumi na mmoja mpaka mwalimu mkuu akachoka naye. Si kwamba alikunywa, wala hakupiga watoto. Shida yake ilikuwa moja tu, hawezi kusema hajui. Mtoto akiuliza swali ambalo jibu halimo kichwani mwake, Wafula analitengeneza hapo hapo, linatoka limevaa na kuchana nywele, na namba ndani yake, na watoto wanaandika. Mwaka mmoja darasa zima likaandika kwenye mtihani wa taifa kitu ambacho hakipo hapa duniani. Akaombwa aondoke kwa heshima. Akaondoka, akawaambia watu ameitwa Sudan Kusini kwa kazi maalumu.

Aliyemwita ni binamu yake, na binamu yake alikuwa anauza vipuri vya pikipiki.

Basi akakaa Juba. Alianza kwa kutengeneza simu, halafu akaingia kwenye betri, zile kubwa za kuweka umeme wa jua kwenye mahoteli. Na hapo apewe haki yake, mikono alikuwa nayo. Betri iliyokufa alikuwa anaifungua, anainusa, anakuambia ilikufa kwa kiu au ilikufa kwa kupewa moto mwingi, na mara nyingi alipatia. Vita vya mwaka elfu mbili na kumi na tatu vilipoanza alikimbilia Nimule, mpakani, akarudi. Vya kumi na sita akakimbia tena, akarudi tena. Lakini kila akirudi anarudi na cheo. Alikimbia fundi, akarudi fundi mkuu. Alikimbia fundi mkuu, akarudi Injinia. Hakuna aliyejua shule hiyo iko wapi huko porini inayowapa watu vyeo wakiwa mbioni na godoro kichwani.

Alikuwa amepanga chumba kimoja mtaa wa Atlabara, na kanisani kwao Wakenya walimwita Injinia na walimkalisha mbele. Huko Kimilili mke wake pia aliwaambia watu Injinia. Sasa cheo kama hicho kikishakaa vinywani mwa watu wengi hivyo, kukirudisha ni kazi. Hapo ndipo shida ya mwaka huu ilipoingilia.

Kulikuja daktari mmoja kutoka Nairobi, anaitwa Cheryl. Si daktari wa sindano, daktari wa kusoma. Alikuwa amesoma betri mpaka mwisho, ana miaka thelathini na moja, na anatembea na kandambili. Mradi wake ulikuwa mtaa wa Thongpiny, kontena mbili nyuma ya hoteli, jenereta moja, na tanuri dogo la umeme lenye mtungi wa gesi pembeni. Alitaka kutengeneza betri ambazo hazitumii ile litiamu ya bei mbaya. Hizi zake zinatumia sodiamu, ambayo ndiyo imo ndani ya chumvi, na chumvi iko kila mahali. Alitaka kliniki za vijijini ziwe nazo, friji za chanjo zisilale joto.

Ukimwuliza Cheryl shida iko wapi, alikuwa anaeleza vizuri, hata mtu ambaye hakumaliza darasa la nne anaelewa. Betri ina pande mbili, na sodiamu inatembea kati yake. Ukichaji inaingia upande mmoja, ukitumia inatoka. Upande ule wa kuipokea ndio anodi. Kwenye betri za simu anodi ni kitu kama makaa ya penseli, yamepangika kama karatasi. Lakini sodiamu ni nene. Haipiti kwenye karatasi zile, ni kama mama mnene anayetaka kupita kati ya viti vya kanisa. Inataka makaa magumu, yaliyojipinda, yenye vyumba vyumba ovyo ndani, ikae inapopata. Na makaa hayo lazima yavumilie, maana sodiamu inaingia na kutoka mara mamia, na kila ikiingia inayavimbisha, ikitoka inayaacha yamesinyaa. Makaa mabovu yanachoka haraka. Basi kazi yote ilikuwa kupata makaa yasiyochoka.

Cheryl aliyaona kwenye kokwa za lalobu. Lalobu ni tunda dogo la mti wa miiba, na Juba kila mtu analimung'unya, anatema kokwa njiani. Upande wa Bilpam kuna mama mmoja, Adau, anayevunja kokwa hizo na kukamua mafuta ya ndani, na maganda anayatupa. Maganda yale ni magumu kama kichwa cha mtu fulani. Adau alishangaa kuambiwa takataka yake inatakiwa na watu wa Thongpiny, akajaza magunia sita, akasema warudi wakitaka mengine, na wasimletee tena magunia yenye matundu.

Cheryl alihitaji msaidizi anayejua betri. Hoteli ikamwonyesha Wafula. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, na waliotoa fungu la fedha walikuwa wameshasema wazi, ikifika mwezi wa tatu anodi ya kokwa ivumilie kuchajiwa mara mia tatu bila kuchoka. Ikivumilia, mradi unaingia awamu ya pili, miaka mitatu, na Wafula anaandikwa injinia kwenye karatasi yenye muhuri. Isipovumilia, kontena zinafungwa na kila mtu anarudi kwao. Kwa Cheryl kurudi kwao ni kurudi chuo kikuu. Kwa Wafula ni kushuka basi Kimilili na begi, watu wamesimama, aeleze.

Kwa hiyo karatasi ile aliitaka kuliko chakula. Alikuwa anaiona usingizini.

Kazi ilianza hivi. Maganda ya kokwa lazima kwanza yachomwe bila hewa, polepole, yawe makaa. Halafu yanaoshwa kwa asidi, yanasagwa, yanaingia kwenye tanuri la umeme na gesi yake, moto mkali kuliko wa mhunzi. Yakitoka yanachanganywa na gundi ya miti ya Kapoeta, yanapakwa kwenye karatasi nyembamba ya aluminiamu, yanakatwa vidonge, na vidonge vinafungwa kwenye vibetri vidogo kama vya saa ya mkono. Vibetri vinawekwa kwenye mashine inayovichaji na kuvimaliza, inavichaji na kuvimaliza, na kuhesabu. Mara kumi na mbili hivi kwa siku.

Ile ya kwanza kabisa, ya kuchoma, ndiyo Cheryl aliyompa Wafula. Alimwambia atafute mtu anayejua kuchoma makaa, akae naye kutoka moto unawashwa mpaka pipa linafunguliwa, na kila nusu saa aandike joto, saa, na kila kitu anachokiona. Akampa daftari gumu la bluu na kipimajoto kirefu cha chuma.

Mjuzi hakuwa mbali. Erina, Mganda wa Masaka, anauza makaa Atlabara hatua hamsini kutoka chumba cha Wafula, na uani kwake ana pipa lenye mfuniko la kuchomea mwenyewe. Watu wanamwita Mama Kisakye, kwa jina la binti yake. Mama huyo makaa anayajua kwa sauti, anayagonga na kuyasikiliza. Wafula akampelekea magunia, akamwambia ni ya shughuli za ofisi, ni siri, achome tu. Erina hakuuliza. Alijua ofisi za Thongpiny zinapika chai nyingi.

Na kukaa naye je? Hapo ndipo uone. Ua wa Erina uko kwenye njia ya kanisani. Kila anayetoka Atlabara kwenda sokoni anapita pale. Sasa Injinia akae juu ya jerikani karibu na pipa la makaa, amepakaa masizi, na mashemasi wanapita wanamsalimia? Hapana. Wafula alipeleka magunia asubuhi, akarudi chumbani, akalaza kipimajoto kwenye sanduku lake chini ya kitanda kisichafuke, akakaa kitandani, akafungua daftari la bluu, akatunga.

Aliandika moto uliwashwa saa mbili kamili. Aliandika joto lilipanda kwa utaratibu, mpaka digrii mia tano. Aliandika pipa lilifunguliwa baada ya muda wa saa nne. Saa nne aliipenda kwa sababu inakwisha kabla ya chakula cha mchana. Mwandiko ulikuwa mzuri sana, na mistari ameipiga kwa rula. Mara ya pili akaandika hivyo hivyo, akabadilisha tarehe. Na ya tatu.

Makaa yakaja, akayaosha. Kuosha aliosha, lakini kama mtu anayeosha sahani za jirani. Yakapita tanurini, yakawa vibetri, yakawekwa kwenye mashine. Ya kwanza ikachoka mara ya arobaini. Ya pili mara ya thelathini na sita. Ya tatu ikafika hamsini, Wafula akamwomba Cheryl wapige picha, na kabla simu haijatoka mfukoni ikachoka.

Hapo akaanza kutafuta mchawi. Alisema ni vumbi la ndege, maana Thongpiny iko karibu na uwanja. Alisema ni jenereta, umeme wake una makorokoro. Akasema ni gundi ya Kapoeta. Akasema tena, lakini hili alilisema kwa mlinzi wa geti peke yake, mtu aitwaye Lukudu, kwamba tatizo la wasichana waliosoma sana ni kuwa mikono yao haina uzoefu. Lukudu alimwitikia, halafu akamweleza Cheryl mchana huo huo, maana Cheryl ndiye anayemnunulia soda.

 Cheryl aliendelea kumwita Mzee Wafula kama kawaida, jambo ambalo Wafula alikuwa hajawahi kulisamehe. Alikuwa akitaka Injinia. Alitamani hata Bwana. Lakini msichana anamwita Mzee kama mtu wa kutunzwa, na anamwita hivyo kwa heshima kabisa, kwa hiyo hakuna pa kushika.

Mara ya saba, mambo yakageuka. Makaa yaliyoletwa yalikuwa meusi ya kung'aa, na ukiyagusa yanalia kama vigae. Vibetri vyake vikaingia kwenye mashine mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili. Vikapita hamsini. Vikapita mia. Krismasi Wafula hakwenda popote, alikuwa anakuja kontena kuangalia namba kama mtu mwenye mgonjwa. Mwaka mpya ulipoingia vilikuwa vimepita mia tatu na bado vina nguvu karibu zote. Kanisani akatoa ushuhuda. Alisema Mungu amembariki kugundua anodi. Alisema kugundua, mbele ya watu, na maikrofoni mkononi.

Lakini ya nane ikafa mara ya arobaini na mbili. Ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili, zote zikafa hivyo hivyo, kama zimepeana zamu.

Cheryl akachukua daftari la bluu, akakaa nalo siku nzima. Halafu akamwita.

"Mzee Wafula, hizi namba umezitoa wapi?"

"Kwenye pipa, Daktari."

"Mara kumi na mbili, saa zile zile, digrii zile zile. Moja imeishi, kumi na moja zimekufa. Mimi nitafute wapi tofauti?"

"Pipa likipata mtu anayelijua halibadiliki. Tofauti itakuwa ni huko tanurini," Wafula akasema, na tanurini ni kwa Cheryl.

 Cheryl akamwambia kama kuna kitu hakuandika vizuri, leo ndiyo siku ya kusema, na hakuna atakayemwonea. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na mtu mwingine angepita. Wafula akarekebisha kalamu zake mfukoni, akasema kila kitu kiko sawasawa.

Basi wageni wakaja, wale waliotoa fungu, mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Mkubwa wao alikuwa Mganda aliyetoka Kampala, jina lake Conrad, mtu wa maneno machache anayejifuta jasho na leso kubwa kama kitambaa cha meza. Conrad alikuwa ameziona namba za ile ya saba na zilimfurahisha. Alichotaka ni kitu kimoja, aione ikichomwa tena mbele ya macho yake, vile vile ilivyoandikwa. Ikitoka nzuri, awamu ya pili imepatikana.

Mtu mwenye akili angekimbia kwa Erina usiku ule. Angepiga magoti. Wafula yeye alihesabu hivi, Erina akija Thongpiny na mdomo wake, wageni watamuuliza Erina, na wakimuuliza Erina, yeye Wafula ni nani pale? Akaenda kwake jioni, akaazima pipa, tena akaazima bila kusema la nini. Aliahidi litarudi kesho yake mchana. Kuchoma makaa ni kuwasha moto na kufunika, alijiambia. Wanawake ambao hawakusoma wanafanya kila siku.

Asubuhi saa mbili akawasha, kama ilivyoandikwa. Akajaza maganda, akafunika, akaziba kingo kwa udongo wa mtaroni. Kipimajoto akakitoa kwenye sanduku, bado kimo kwenye nailoni yake, akakichomeka. Akasimama pembeni na koti lake amelipiga pasi mpaka lina makali. Wageni wakakaa kwenye viti vya plastiki. Wafula akaeleza. Alieleza kaboni, akaeleza uvumilivu wa makaa, akaeleza hata mambo ya mwezi na mvuto wake, na Conrad anaitikia na leso.

Moshi ukatoka mweupe, mzito kama uji. Saa tatu, mweupe. Saa nne asubuhi, mweupe. Kipimajoto kikasema digrii mia mbili, na kikakaa hapo kama mgeni aliyepewa chai. Cheryl alikuwa na daftari la bluu limefunguka magotini, na kila nusu saa analinganisha, analinganisha.

Ikafika saa sita. Saa nne zimeisha. Conrad akaangalia saa yake, kisha daftari, kisha Wafula.

"Imeandikwa unafungua sasa," Conrad akasema.

Na ni kweli, iliandikwa. Iliandikwa mara kumi na mbili, kwa rula. Angesema tungoje, wangemuuliza mbona daftari halikungoja. Mtu alijichimbia shimo mwenyewe, akasawazisha na kingo. Wafula akavaa glavu, akashika mfuniko, akafungua.

Hewa ikaingia. Pipa likavuta pumzi moja hivi, halafu likawaka lote kwa mpigo, ulimi wa moto ukapanda juu ya paa la kontena. Wageni wakaangusha viti. Wafula alirudi nyuma nyusi zake zikiwa zimepungua. Lukudu akaja mbio na mchanga kwenye karai, akasema kwa Kiarabu chake cha Juba, malesh, malesh, kama anayeliambia pipa pole. Wakamwaga mchanga, wakamwaga maji, na moto ulipokwisha pipani mlikuwa na majivu, matope, na maganda nusu mabichi yanayonuka.

Erina alifika kwenye hali hiyo. Mchana ulikuwa umefika na alikuwa na kazi na pipa lake, basi akapanda boda mpaka Thongpiny kulichukua. Akaingia getini na kanga kiunoni, akatazama pipa, akatazama matope ndani yake, akamtazama Wafula kutoka viatu mpaka nyusi.

"Nani alifungua hii?"

 Wafula akamwambia Cheryl kwa haraka kwamba huyu mama ni wa kuuza makaa tu, ni jirani, amekuja kuchukua chombo, atamsindikiza nje.

"Ee. Mimi iko nauza makaa," Erina akasema. "Na wewe iko nauza nini?"

Conrad akainua kiti chake, akakipangusa, akampa Erina akae, akamsalimia kwa Kiganda, nyabo hivi nyabo vile, na Erina akajibu salamu zote mpaka mwisho, maana adabu anayo. Halafu Cheryl akamwuliza kwa upole, yale maganda ya kokwa ambayo yamekuwa yakiletwa, ni nani aliyekuwa akiyachoma, na kwa saa ngapi.

Erina akaeleza. Anawasha asubuhi, na hafungui mpaka kesho yake jioni, saa thelathini hivi, na mara nyingine saa hazihesabu, anatazama moshi. Moshi mweupe ni maji yanatoka. Ukiwa wa manjano, kuni ndani inalia. Ukiwa wa bluu, mwembamba, kama wa sigara, hapo ndipo anaziba kila tundu. Akifungua, makaa bado ya moto, anayanyunyizia maji ya mto yenye chumvi ya mawe, ili yasirushe cheche na yasiishe haraka jikoni. Kila mchoma makaa anayejiheshimu anafanya hivyo. Hoteli zinapenda.

"Maji ya mto na chumvi. Kila mara?" Cheryl akauliza. Sauti ilikuwa imembadilika.

Kila mara, Erina akasema. Halafu akakumbuka. Isipokuwa mara moja, mwezi wa kumi na moja, alipofiwa na shemeji yake huko Gulu. Alilifunga pipa akaenda kwenye mazishi, likakaa siku tatu halijafunguliwa, na aliporudi makaa yalikuwa yamepoa yenyewe. Hakuyamwagia kitu. Aliona haya kidogo kuyauza hivyo, yamekauka, hayajatengenezwa. Kisakye ndiye aliyeyapeleka kwa Mzee Wafula.

Hiyo ilikuwa ya saba.

Cheryl alifunga daftari la bluu. Mwaka mzima alikuwa ameshindana na tope la mto na chumvi ya mawe iliyookwa ndani ya makaa yake, ikiziba vile vyumba vya sodiamu, ameagiza gesi nyingine, amebadilisha gundi mara mbili, analala na vitabu, na jibu lilikuwa hatua hamsini kutoka kitanda cha Wafula.

"Mama, yeye alikaa na wewe mara ngapi?" akamwuliza Erina.

"Huyu? Mimi hapana ona yeye kukaa. Yeye naleta gunia, nakimbia. Mimi nilifikiri anaogopa moshi."

Hapo Wafula akafungua mdomo. Alianza kusema kwamba kisayansi, uangalizi wa mbali pia ni uangalizi. Conrad akamwinulia leso, kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi, na Wafula akanyamaza. Inasemekana ndiyo mara ya kwanza tangu Kimilili sentensi yake kukatwa katikati.

Wageni walikaa wakazungumza ndani ya kontena, na Erina wakamwita ndani, na Wafula wakamwacha nje na Lukudu. Walipotoka mambo yalikuwa yamekatwa. Awamu ya pili itakuwepo, lakini kwanza Erina achome tena, safari hii bila maji, bila chumvi, pipa lipoe lenyewe siku tatu, na vibetri vyake vivumilie mara mia tatu. Msimamizi wa kuchoma ni Erina, na ameandikwa hivyo, Mama Erina wa Masaka, kwenye karatasi yenye muhuri. Akasema hataki koti. Alitaka pipa la pili, na Wafula asafishe hili la kwanza kabla halijatoka pale.

Kwa Wafula, Cheryl alikwenda mwenyewe. Hakumpigia kelele, na hilo lilimuuma zaidi. Alimwambia mikono yake kwenye betri ni mizuri na hana haja ya kuitupa. Lakini namba zake hazitaingia tena kwenye mradi mpaka zitoke kwenye pipa. Anaweza kubaki kama karani wa Mama Erina, akae pale moto unapowashwa mpaka unapozimwa, aandike anachokiona na anachoambiwa. Akikataa, basi la Nimule linaondoka kila asubuhi.

"Na kwenye karatasi nitaandikwa nani?" Wafula akauliza.

Msichana wa watu alimtazama, nyusi zimeungua, anauliza cheo. Akamwambia hilo akaulize kwa msimamizi wake.

Basi siku ya Jumatatu alikaa. Kisakye alimgeuzia jerikani la njano karibu na pipa, akakaa juu yake na daftari jipya, maana lile la bluu Cheryl alilifungia. Watu walipita, na mashemasi walipita, na alikuwa ameandaa maneno ya kuwaambia, lakini moshi ulikuwa unamwingia mdomoni kila akianza. Saa kumi na moja jioni alikuwa amepakaa masizi sawasawa na kila mtu mwingine uani. Akaona sasa ni wakati mzuri, akamgeukia Erina, aliyekuwa anachagua maharage, akamwuliza kama haoni kwamba mtu anayefanya kazi hii anastahili kuandikwa injinia.

Erina hakuinua kichwa kwenye maharage.

"Moshi iko ya rangi gani?"

Wafula akatazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakutazama sana.

"Ya bluu," akasema, na akaanza kuandika.

"Hapana. Futa," Erina akasema. "Sogea karibu, tazama tena. Leo tunalala hapa."